Konda anauliza: nasafiri kila siku, mbona daftari langu ni jeupe?

SWALI

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni konda wa Kosta ya Moshi–Arusha, nina miaka 27. Natunga mashairi tangu kidato cha pili. Kila nikisoma habari za washairi naambiwa walipata ilhamu wakisafiri, wakitazama majira yakibadilika, wakiona uzuri wa vitu vya kila siku. Mimi nasafiri kila siku, kwenda na kurudi mara mbili, na mlima nauona kuliko watalii wanaoulipia madola. Lakini daftari jeupe. Mwaka jana nilijinyima nikaenda Zanzibar siku nne, makusudi kabisa nipate ilhamu, nikarudi na picha za simu tu. Shairi langu la mlima linaanza hivi:

Ewe mlima adhimu, Kilimanjaro wang'ara,
Wewe kwetu ni muhimu, theluji yako imara,

halafu hapo ndipo ninapokwama, mwaka wa pili huu. Kosa liko wapi? Au niache ukonda, nitafute kazi yenye utulivu? Naandika haya nimekaa siti ya nyuma, kwenye dirisha lililovunjika kioo tukaziba na boksi, nasubiri gari lijae."

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu ndani yake kuna shairi kuliko hilo la mlima, nawe umelitupa mwishoni kama tiketi iliyokwisha kazi. Nitalirudia. Kwanza tuyamalize ya mlima.

Nimekuhesabia mizani, yaani silabi, kwa vidole, ndivyo nilivyozoea. Nane na nane, kila mshororo kumi na sita, hakuna uliozidi wala uliopungua. Vina vya kati -mu, vya mwisho -ra, vimekaa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, asingekuwa na pa kukukamata. Ila wewe ni mtu wa barabara, unaijua mizani nyingine, ile ya kupimia malori. Lori tupu nalo hupita pale bila faini. Mishororo yako miwili imepita hivyo hivyo.

Hebu tufungue turubai tuone kilichomo. Adhimu. Kung'ara. Muhimu. Imara. Maneno manne haya angeweza kuyaandika mtu wa Mtwara ambaye hajawahi kuvuka Chalinze, tena akiwa amelala. Na moja kati yake si kweli. Barafu ya Kibo, kilele cha mlima wenyewe, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Nilipokuwa mtoto Kibosho, wazee walikuwa wakinyoosha kidole kutuonyesha barafu ilikuwa inashuka mpaka wapi enzi zao, na sisi tukidhani wanatia chumvi. Leo ni mimi ninayenyoosha kidole. Kwa hiyo umeusifu mlima kwa sifa ambayo wenyewe unaipoteza mbele ya macho yako, asubuhi na jioni, na wewe umesimama mlangoni unaita abiria. Ungeutazama siku moja tu bila kuusifu, kalamu ingegoma yenyewe kwenye neno "imara".

Ndiyo maana unakwama mshororo wa tatu. Wengi hukwama hapo hapo. Nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu na cha nne miaka mingi, naujua mtaro huo. Ukianza na "Ewe", umeshamaliza. Umepiga saluti, na mtu akishapiga saluti hana la ziada ila kushusha mkono.

Kuhusu Zanzibar. Wanaosema safari huleta ilhamu hawakudanganya, ila hawakusema yote. Safari inachokupa ni ugeni. Mahali usipopazoea, jicho linaamka: unaona jinsi watu wanavyofunga mzigo, wanavyokaa kwenye baraza, wanavyomsalimia mzee. Lakini wewe hukwenda ukiwa mgeni. Ulikwenda na orodha. Milango ya nakshi, jahazi, machweo. Ulikuwa umeviona vyote kwenye simu kabla hujakata tiketi ya boti, ukaenda kuhakikisha kama bado vipo. Vilikuwepo. Ukapiga picha, ukarudi.

Nisikulaumu sana, nami nimefanya ujinga huo huo, tena kwenye njia ya nyumbani. Miaka ile nafundisha Dar es Salaam, kila Desemba napanda basi kuja Moshi kula Krismasi kama Mchaga mwingine yeyote. Safari moja nikaapa kwamba hii haitapita bure. Nikanunua daftari jipya lenye jalada gumu, nikaomba siti ya dirishani upande wa kulia, upande wa milima. Nikaandika kuwa mkonge wa Korogwe umejipanga kama askari wa gwaride. Mombo nikaandika Usambara imevaa shela ya mawingu. Milima ya Pare ilipoanza nikaandika sijui nini, ukuta wa buluu nadhani. Kurasa kumi na moja nzima. Nikajiona mshairi wa taifa.

Tulipopita Hedaru basi likafa. Saa mbili kasoro usiku, giza tii, mbu, watoto wanalia njaa. Fundi akalala chini ya gari, sisi tukashuka. Kuna kijana alikuwa anampelekea mama yake televisheni, zile za chogo, kaifunga na shuka la maua akaikumbatia njia nzima. Akaogopa kwamba gari lilipoyumba kioo kimepata ufa, akaazima tochi, akaifunua pale pale kando ya barabara. Tukasogea kuangalia. Kwenye kile kioo cheusi tukajiona wote: mama na mtoto mgongoni, mzee na jogoo kwapani, mimi na daftari langu, na nyuma yetu basi limeinama. Mama mmoja akasema, "Jamani, leo tumetoka kwenye taarifa ya habari." Na kweli ilikuwa saa mbili. Watu walicheka mpaka fundi akatoa kichwa kuuliza kuna nini.

Zile kurasa kumi na moja sijui hata ziliko. Kile kioo ninacho mpaka leo. Kilikaa miaka mitatu kabla hakijawa shairi, na kilipokuwa shairi hakikuwa na mlima hata mmoja ndani yake.

Tukija kwenye majira, nina ugomvi kidogo na vitabu tulivyowasomesha. Mashairi mengi mazuri ya Kiswahili yalitungwa pwani, na pwani majira ni upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, inaleta majahazi. Kusi inafuata, inayarudisha. Mtunzi wa Tanga au Lamu akisema "kusi limeingia" anazungumzia chakula, biashara, mume aliyeko baharini. Sasa kijana wa Majengo, Moshi, ananiandikia "kusi lavuma moyoni", na nikimuuliza kusi linatokea upande gani wa stendi, ananitolea macho. Wengine wamevuka mbali zaidi, wananipa majani yanayopukutika kwa baridi na theluji ya Desemba. Desemba, Moshi! Mwezi ambao jasho linakutoka ukiwa umekaa.

Wewe una majira yako, na nakuambia unayashika kwa mkono kila siku. Nilikuwa naenda Moshi msibani mwezi wa nne mwaka fulani, nimekaa siti ya pili kutoka mlangoni, nikawa naangalia mkono wa konda. Si uso wake, mkono. Alikuwa amekunja noti kwa urefu na kuzipachika kati ya vidole, kama mnavyofanya wote, na kila noti mpya iliyoingia ilikuwa imelowa. Aprili hiyo. Mvua ilikuwa imewanyeshea watu wakiwa vituoni, ikaingia mifukoni na kwenye mafundo ya vitenge. Konda akawa anazipangusa kwenye suruali moja moja. Tangu siku hiyo nikipanda gari natazama pesa, na nimegundua kwamba mtu aliyefumbwa macho, akipewa nauli, anaweza kukutajia mwezi. Januari ni sarafu na noti ndogo zilizochoka, kwa kuwa ada za shule zimepita na kila kitu. Februari noti ni kavu, inanuka vumbi la Boma Ng'ombe. Masika inalowa na kunata. Julai, kipupwe kimekaza, vidole vimekufa ganzi, noti mbili zinatoka kama moja na abiria asiye mwaminifu anakaa kimya. Desemba sasa, watu wameshuka kutoka Dar, kila mmoja ana elfu kumi mpya iliyotoka kwenye mashine, na chenji inatafutwa kama dawa.

Hiyo ndiyo kalenda yako. Hakuna mshairi wa pwani anayeweza kuiandika, wala mimi siwezi vizuri, maana nimeiona kutoka siti ya pili. Lakini nilijaribu, na nitakuonyesha nilivyojaribu pamoja na makosa yake, kwa sababu makosa ndiyo yatakayokufaa.

Mshororo wa kwanza nilioandika ulikuwa huu:

Noti imelowa maji, inanikumbusha mvua,

Mizani ipo, nane kwa nane. Nikaukata. Hilo neno "inanikumbusha" ni uongo wa kishairi. Noti iliyolowa haimkumbushi mtu mvua. Mvua yenyewe ndiyo hiyo, imo kwenye karatasi, unaipangusa. Ukiona umeandika "inanikumbusha" au "ni kama", simama ujiulize kama kweli unahitaji daraja au umekwisha kufika. Nikaanza upya:

Noti yaja mkononi, imelowa na kunata,
Ilikuwa kitengeni, fundo nalo limetota,

Hapo nikafurahi kidogo. Kuna mama, ingawa sikumtaja. Kitenge na fundo vimemleta. Kisha nikakwama, mahali pale pale unapokwama wewe, mshororo wa tatu. Nilitaka kusema masika yameingia. Kina changu cha mwisho kilikuwa -ta, kwa hiyo nikaanza kuzunguka nyumba nikitafuta maneno ya -ta: pita, sita, okota, teta, fuata, pata. Pata nini? Mtu kwenye gari anapata nini? Siti! Nikacheka nikaandika:

Masika yamo garini, siti hayajaipata,
Nayashika kiganjani, nauli yameileta.

Masika yamesimama kwenye gari, yananing'inia kwenye bomba pamoja na abiria wengine. Sikuwa na wazo hilo nilipokaa kuandika. Sikuliona barabarani, wala halikunijia nikitazama machweo. Kina cha -ta ndicho kilichonipa siti. Nakuomba ulikalie hilo kidogo, kwa kuwa watu wanadhani ilhamu inakuja kwanza, halafu mtu anaibana ndani ya vina na mizani kama mguu kwenye kiatu kidogo. Kwa uzoefu wangu nusu ya ilhamu inatoka ndani ya kiatu. Unatafuta neno linaloishia na -ta, unalazimika kupita mlango ambao usingeupita, na huko ndani unamkuta mtu. Ndiyo maana sikushauri ukimbilie mashairi huru kwa sababu tu umekwama. Mashairi huru yana wenyewe. Akina Kezilahabi waliyafungulia njia miaka ya 1970 na walijua walichokuwa wanakiacha. Wewe mizani unayo damuni. Itumie.

Damuni kweli, wala sikupaki mafuta. Sikiliza mnachosema pale stendi: "Mmoja tu tuondoke!" Hesabu: m-mo-ja-tu-tu-o-ndo-ke. Nane kamili. Kipande kizima cha shairi, na mmekuwa mkikiimba saa kumi na mbili asubuhi bila kulipwa hakimiliki. Na ni uongo mtamu, kwa sababu hajawahi kuwa mmoja. Mmoja akiingia anatafutwa mmoja mwingine, na wa siti ya mbele aliyeambiwa "tunatoka sasa hivi" amekaa dakika arobaini. Nakuachia kipande hicho kiwe kibwagizo. Utafute mwenyewe nusu ya pili. Nadhani kinaweza kubeba shairi la mapenzi, au la siasa, au la kifo, kila ubeti ukakigeuza maana. Kina chako kitakuwa -ke, na maneno ya -ke hayana uhaba: mwanamke, peke, upweke, tufike, tushuke, tucheke. Si umeona? Hadithi imeshaanza kujitunga.

Barabara yako nayo imejaa majina ambayo mtu fulani aliyatunga, hatumjui. Chukua Maji ya Chai. Abiria wanasema "Maji ya Chai shusha" bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina la shangazi yake. Lakini siku moja mtu alisimama kando ya mto ule, akaona rangi ya maji, akasema yale ni maji ya chai, na wote waliosikia wakakubali. Sitiari iliyogeuka kituo cha gari! Halafu ongeza hili: maji ya ukanda huo wa Meru yana floraidi nyingi, na waliokua wakiyanywa unawatambua wakitabasamu, meno yana rangi ya kahawia. Chai mtoni, chai menoni. Uzuri na maudhi kwenye jina moja, nawe unalitaja mara nne kwa siku. Au, nje kidogo ya njia yako, Njia Panda kule Himo, ambapo mtu akiambiwa "nisubiri Njia Panda" anaweza kuwa ameambiwa mambo mawili.

Maua nitayapitia haraka, kwa sababu kila anayeanza kutunga hurundika maua. Jakaranda unaziona mwenyewe Oktoba na Novemba, Arusha na Moshi, zambarau kila mahali, na nyingi zimeshaandikwa. Kama lazima uziandike, andika zikiwa chini, zimekanyagwa na tairi, konda anafagia gari na nusu ya takataka ni zambarau. Ua ambalo ningependa ulifuate ni la kahawa. Siku ya mapumziko panda kifodi cha Kibosho au Machame, uende siku kama nane au kumi baada ya mvua nzuri kunyesha kufuatia ukame. Vitumba vya mibuni vinakaa vimelala kiangazi chote, vimekaza, havisemi kitu. Mvua ikivigutusha, shamba zima linafunguka pamoja, jeupe, na harufu inayokaribia ya yasmini. Siku mbili tatu tu yameshakuwa kahawia. Mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, anaweza kukuambia yalifunguka alfajiri ipi. Usiandike harufu. Mwulize yeye anapanga kufanyia nini pesa ya mavuno hayo, kwa sababu anapoyaona maua meupe ameshaanza kuhesabu, na uzuri wa ua lile kwa mwenye shamba hautenganishwi na hesabu hiyo. Hata wewe unajua hesabu ni nini. Tajiri wako, mwenye gari, anaitaka kila jioni.

Na tafadhali, uniachie waridi. Sina ugomvi na waridi, lakini Mchaga akitaka kuomba msamaha habebi waridi, anabeba jani la isale, na mtu aliyeletewa isale hawezi kukataa kirahisi. Jani la mpakani mwa shamba, linalotenganisha ndugu na ndugu, ndilo hilo hilo linalowapatanisha. Ukiwa na kitu kama hicho nyuma ya nyumba ya bibi yako, waridi la nini?

Sasa kuhusu kuacha kazi. Usiache. Sisemi hivyo kwa sababu umaskini ni mzuri kwa washairi. Huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Nasema usiache kwa ajili ya ushairi. Ukipata kazi yenye mshahara bora, nenda, tena mbio. Lakini kazi yenye utulivu haitakupa ubeti. Nimekuwa na utulivu tangu nistaafu, nina baraza, nina kiti cha kuegemea, na Meru iko mbele yangu, na kuna miezi inapita sijaandika kitu. Unajua unaposhusha abiria pale stendi kuu ya Arusha, hatua chache tu kuna uwanja wa mpira wenye jina la yule Sheikh Amri Abedi niliyemtaja. Watu wanapanga foleni kwenda kuona mechi kwa jina la mshairi, wengi hawajui. Huyo aliyetuwekea sheria za utunzi alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha akawa waziri, na alifariki 1964 akiwa na miaka 40 tu. Utulivu aliupata wapi?

Unachokihitaji ni dakika tano, na najua mahali zilipo. Jioni, baada ya kufunga hesabu ya tajiri, kabla hujaondoka kwenye gari, kwenye daftari lile lile la hesabu, geuza nyuma uandike kitu kimoja ulichokiona siku hiyo. Kimoja. Usikipambe, usitafute vina, usiandike ulivyojisikia. "Mzee wa Kwa Sadala alinilipa kwa sarafu zilizofungwa kwenye soksi ya mtoto." Basi, funga daftari, kalale. Ukiwa mlangoni na mikono imejaa, irekodi kwenye simu. Abiria watadhani unaongea na mchumba. Usisome ulichoandika kwa mwezi mzima. Mwezi ukiisha kaa chini usome yote kwa sauti, na utaona vitu viwili au vitatu vinakataa kutoka kichwani. Hivyo ndivyo vya kutafutia vina. Vilivyobaki viache, havikupotea, vimekufundisha kutazama.

Mlima nao utaurudia, sijakukataza. Ila uurudie kwa saa yake. Safari yako ya kwanza, kabla ya saa moja asubuhi, huwa uko wazi, na saa tano umeshajifunika. Jioni ukirudi kutoka Arusha, jua likiwa nyuma yenu, kuna dakika chache ambapo Kibo inageuka rangi ya nyama ya papai. Nimewahi kuliona gari zima likinyamaza dakika hizo, isipokuwa redio. Usiandike mlima. Andika waliokuwa wanaongea nini kabla hawajanyamaza.

Na sasa lile nililosema nitalirudia. Umeniandikia kurasa mbili za mlima, ilhamu na Zanzibar, halafu mwishoni kabisa, kwa sentensi moja, ukataja dirisha lililovunjika kioo mkaziba na boksi. Umelikalia jirani bila kulitazama. Kioo kilivunjwa na nini, na ulikuwa siti ipi siku hiyo? Boksi lilikuwa la kitu gani, na maandishi yake yametazama ndani au nje? Mvua ya Aprili ikilipiga, nani anakaa pale, na anasemaje unapomfikia kudai nauli sawa na ya mwenye kioo?

Nijibu hayo kwanza. Vina tutavitafuta baadaye.